Kadaftari Kako Si Kontenti

Picasso hakuwahi kumiliki Moleskine. Hemingway pia. Tuanzie hapo, ju kuna msee aliniandikia kwenye komenti ati kama nataka kuchora "kiukweli" ninunue lile daftari jeusi lenye mpira, "lile la Picasso". Buda. Picasso alikufa 1973. Hemingway alikufa 1961. Jina Moleskine lilianza kuuzwa 1997 na kampuni ya Milan, Italia, iliyoitwa Modo & Modo. Hesabu hiyo hata mtoto wa gredi ya tatu anaipiga bila kuhesabu vidole.

Kilichokuwepo zamani ni madaftari madogo meusi ya kawaida, yaliyotengenezwa Ufaransa na kuuzwa kwa maduka ya karatasi ya Paris, vile wewe unavyoingia duka la mtaa kuchukua kitabu cha Kasuku. Mwandishi Mwingereza Bruce Chatwin aliyapenda sana. Katika kitabu chake cha 1987, The Songlines, alisimulia vile yaliacha kutengenezwa na vile alijaribu kununua mia moja kabla yaishe. Watu wa Milan wakasoma hiyo stori, wakaona pesa. Miaka kumi baadaye daftari likarudi sokoni likiwa na jina, na kikaratasi ndani kinachokutajia Picasso, Hemingway na Chatwin kama wajomba zake.

Sina ubaya na daftari lenyewe. Nimewahi kushika la mtu, karatasi yake inateleza poa. Ubaya wangu ni na hii dini ya vifaa iliyotuingia. Kijana wa Kayole anaacha kuchora mwezi mzima ju bado "anasave" daftari la pesa zinazotosha unga wa nyumba nzima. Anangoja. Na kwa kungoja kwake, hajachora kitu.

Kangu ni ka finje. Shilingi 50, River Road, kwa wale wanauza vitabu vya risiti na bahasha kwa jumla. Kana jalada gumu la buluu, mistari ndani, na harufu ya gundi. Ni kale kale ambako makanga anaandikia hesabu ya siku, mwenye duka anaandikia nani anadaiwa mkate, na soja wa geti anaandikia namba za gari. Nina biro nyeusi moja. Ukinipata kwa mat ya Githurai nimejikunja kiti cha nyuma, ujue ndio studio hiyo.

Na mnaniuliza kila siku, kwani ni nini tamu kwa kitu kidogo hivyo? Si afadhali skechi buku kubwa, ama tableti?

Udogo ndio utamu wenyewe. Karatasi kubwa inakutazama kama mwalimu wa zamu. Inataka mpango, inataka meza, inataka uwe unajua. Ukurasa wa saizi ya kiganja hautaki chochote. Mistari sita na umejaa. Ukiharibu, umeharibu kiganja kimoja tu, geuza, endelea. Na kwa vile kanaenea mfuko wa nyuma wa jinsi, kako na wewe pale mambo yanatokea, yaani steji, foleni ya Huduma Centre, matanga, kinyozi. Skechi buku kubwa iko wapi saa hiyo? Nyumbani, juu ya kabati, imelala.

Hii si falsafa yangu nimeitunga jana. Leonardo da Vinci aliwaambia wachoraji watembee na kijitabu kidogo, wachore watu vile walivyo barabarani, wakigombana, wakicheka, na wasifute, waweke, kwa sababu maumbo ni mengi kuliko kumbukumbu ya mtu. Na yeye mwenyewe alikuwa navyo. Kimoja kiko makumbusho ya Victoria and Albert pale London, kinaitwa Codex Forster III, kina upana wa sentimita sita hivi na urefu wa tisa. Kidogo kuliko simu unayosomea hii. Turner, yule Mwingereza wa bahari na ukungu, aliacha vitabu vya skechi karibu 300. Tatu mia. Wewe una kimoja, na bado uko ukurasa wa pili.

Ukurasa wa pili, ndio. Hapa sasa ndio vita yangu ilipo.

Mmeona zile video. Meza ya mbao, mwanga wa dirisha, kikombe cha kahawa yenye moyo juu. Daftari linafunguliwa polepole, kinanda kinapiga. Kalamu za brashi ziko kumi na mbili zimepangwa kama wanajeshi wa Jamhuri Day. Kanda ya maua, stika, muhuri wa nta. Ukurasa wa kwanza umepambwa kama kadi ya harusi. Wa pili pia. Kisha video inaisha. Kila mara inaishia hapo, na mimi ninayehariri video kila siku naweza kukuambia kwa nini: hakuna wa tatu. Daftari lilinunuliwa lipigwe picha, likapigwa picha, kazi yake ikaisha.

Kuna watu watasema nina wivu. Sawa. Lakini nisikize, ju hii ndio kazi yangu, kuposti ndiko kunanilipia nyumba, na najua jikoni kunapikwa nini. Kitu chochote unachofanya ukijua kitaonekana, unakifanya kwa ajili ya anayeona. Mkono wenyewe unabadilika. Hauchori tena kitambi cha konda, unachora waridi. Hauandiki "leo nimelala njaa", unaandika maneno ya motisha kwa mwandiko wa kupinda pinda. Daftari linaanza kusema uongo, na mtu wa kwanza kudanganywa ni wewe mwenyewe ukilisoma baada ya miaka mitatu.

Kwa kizazi chetu hii si shida ndogo. Sisi ni watu ambao hata huzuni yetu ina fonti. Tunalia, tunaposti, tunaangalia nani ameona. Niambie mahali gani pengine umebaki napo ambapo hakuna mtu anahesabu. Kanisani kuna laivu. Chumbani kuna simu. Mazishi, kuna droni. Sasa umepata kakitu ka finje, hakana chaji, hakana namba ya walioangalia, hakajui umri wako wala hakakutumii tangazo la kamari saa nane usiku, na kitu cha kwanza unachofanya ni kukaweka mbele ya kamera?

Mnaotuma "onyesha ndani", jibu ni hapana. Na si kwa sababu kurasa ni mbaya. Ni mbaya, lakini si kwa sababu hiyo.

Tukiongea kuhusu ubaya, kuna mchoro mmoja mbaya nataka mjue. Mwaka 1837 Charles Darwin, akiwa na miaka 28, alichora mti kwenye kijitabu chake kidogo cha mfukoni, saizi ya postikadi. Vijiti tu. Mtoto wa chekechea angechora vizuri zaidi. Ni mmoja wa michoro yake ya kwanza ya viumbe kutoka shina moja, miaka 22 kabla ya kutoa kitabu chake kikubwa. Hakumwonyesha umati. Alikuwa anafikiri, na mkono ulikuwa unamsaidia kufikiri. Halafu sikia hii: kijitabu hicho pamoja na kingine vilipotea kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Cambridge, vikatafutwa miaka na miaka, maktaba ikatangaza 2020 kwamba huenda viliibwa, kisha Machi 2022 vikarudishwa kwenye mfuko wa zawadi wa rangi ya pinki, vimeachwa nje ya ofisi ya mkutubi. Hadi leo hakuna ametangazwa kuwa ndiye aliyevirudisha. Vijiti vibaya, na dunia nzima ilikuwa inavitafuta.

Sasa wale wa "lakini simu inapiga picha, kuchora ni kwa nini".

Kwanza, toa simu Tom Mboya saa kumi na mbili jioni halafu uje tuongee. Kadaftari hakuna mtu anakora. Nimechora watu pale Odeon nikiwa nimesimama kabisa, na kitu cha pekee kilichonipata ni mama wa mahindi kuja kuangalia akaniambia, "Kijana, hiyo pua si yangu, rudia." Nikarudia. Ukimpiga picha mtu bila ruhusa anakufukuza, na ana haki. Askari wa jengo wanakukimbilia. Ukimchora, anasogea. Anauliza. Anakuambia alitoka wapi na kodi ya kibanda ni ngapi. Umepata mchoro na umepata stori, kwa bei ya biro.

Pili, picha inakusahaulisha. Hii si maneno yangu. Mwanasaikolojia wa Marekani, Linda Henkel wa Chuo Kikuu cha Fairfield, alitoa utafiti 2014. Alipeleka wanafunzi makumbusho, vitu vingine wakaambiwa wapige picha, vingine waangalie tu. Kesho yake walikumbuka vibaya zaidi vile walivyopiga picha. Ni kama ubongo unasema, kamera imeshika, mimi napumzika. Halafu 2016, watafiti wa Waterloo kule Canada wakawapa watu orodha ya maneno, mengine wayaandike, mengine wayachore. Yaliyochorwa yalikumbukwa zaidi sana. Hata wakipewa sekunde nne tu za kuchora. Na uzuri wa mchoro haukubadilisha kitu. Soma hiyo sentensi tena kabla hujaniambia hujui kuchora.

Fungua galari yako. Una picha elfu ngapi? Niambie kuhusu moja ya Machi mwaka jana. Mimi nikifungua ukurasa nimechora mzee amelala kwa mat, mdomo wazi, naskia mpaka wimbo uliokuwa unapigwa, najua alishuka Roysambu na alisahau mwavuli. Kwa nini? Ju nilimwangalia dakika sita. Lini mara ya mwisho umeangalia mtu yeyote dakika sita? Hata huyo unayempenda hujamwangalia hivyo.

Na hatukufundishwa kuangalia, tuseme ukweli. KCPE tuliyofanya sisi ilikuwa masomo matano na hakuna swali hata moja lililohitaji macho yako mwenyewe. Kuchora pembeni ya kitabu kulikuwa kosa la kupigwa. Nilipofika chuo, kabla sijatoka mwaka wa pili, kuna mhadhiri alichukua kadaftari kangu katikati ya somo, akakainua darasa lote waone, akasoma ukurasa nilioandika kuhusu karo ambayo haikuwa imelipwa. Watu wakacheka. Akasema, "Huyu anafikiri yuko nasari." Sitaji chuo, na chuo nilikiacha kwa sababu ya karo hiyo hiyo, si yeye. Lakini aliyekuja kukarudisha, baada ya somo, alikuwa dada anayefagia ukumbi. Alikuwa amekafunga na mpira wa nywele zake. Hakuwa amekafungua. Aliniambia tu, "Shika vitu vyako, hivi ni vyako." Kati ya hao wawili, nakuachia wewe uamue nani alikuwa na elimu.

Kuna pingamizi moja naiheshimu, na inatoka kwa wasanii wenyewe. Wanasema, bila kuposti nitauza aje? Kuna wasee wanalipa nyumba na picha walizouzia watu wa Instagram, na mimi siwezi kuwaambia wanyamaze. Posti kazi yako. Posti turubai, posti mural, posti oda ya mteja, weka bei kubwa, na usikubali kulipwa kwa "tutakutangaza". Ninachosema ni kuwa msanii anahitaji choo. Samahani, lakini ndivyo. Mahali pa kufunga mlango. Ukiuza kila kitu hadi skechi za mfukoni, utachota wapi kesho?

Na kabla hujaposti hizo skechi, jua zinaenda wapi. Meta wenyewe walisema wazi 2024 kwamba posti za umma za watu wazima kwenye Facebook na Instagram zinatumika kufundisha akili bandia yao. Mstari wako, ule mkono wako unaotetemeka kidogo kwenye kona, unakuwa chakula cha mashine ya tajiri, na hujaulizwa wala hujalipwa hata mbao. Kadaftari kalicho mfukoni hakana mashine inakafikia. Lazima mtu aje mwenyewe, aingize mkono kwa suruali yangu, na hapo tutapigana kama wanaume.

Tableti je? Nzuri kwa kazi ya mteja. Lakini ina kitufe cha kurudisha nyuma, na kitufe hicho kinakufanya mwoga. Unachora jicho mara kumi na nne. Biro haina huruma. Ukikosea, jicho liko pale, unachora miwani juu yake, maisha yanaendelea. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o akiwa Kamiti mwaka 1978 aliandika Caitaani Mũtharaba-inĩ kwenye karatasi ya choo. Ya choo! Halafu wewe unaniambia huwezi kuanza ju karatasi yako ni ya gramu 60.

Kwa wale mnataka kuanza leo, haya ndiyo ninayoyajua, na ni machache. Epuka kalamu ya jeli kwa karatasi ya bei rahisi, inatokea upande wa pili. Biro ya kawaida ndio mfalme, ukiibonyeza pole inatoa kijivu, ukiikandamiza inatoa nyeusi, ni kama penseli isiyofutika. Rangi? Strungi nzito. Chovya kidole ama kijiti cha pamba, paka kivuli, weka tishu katikati kurasa zisishikane. Inatoa kahawia fulani hivi ya ngozi na vumbi ambayo hakuna duka inauza, na inafaa Nairobi kuliko ile buluu ya kwenye video. Tarehe, andika. Mahali, andika. Anza na watu waliolala, hawasongi. Ukishamaliza hako kadaftari, nunua kengine. Mimi niko kwa ka kumi na tisa.

Sasa ile sababu ya kutoonyesha ndani.

Mwezi wa pili kampuni moja ilinitafuta. Sitaitaja. Walitaka video ya sekunde tisini nikipindua kurasa zangu, kadaftari halisi, "ya kweli kabisa, maumivu na yote", halafu mwishoni niweke bidhaa yao juu ya jalada. Pesa ilikuwa ya kodi ya miezi minne. Miezi minne, wasee, na nilikuwa na deni la mmoja.

Kadaftari walichotaka ni ka kumi na saba. Ukurasa wa kwanza mpaka wa kumi ni watu wa mat. Kutoka hapo mpaka mwisho ni guka. Wiki tano alizokaa wodini nilikuwa naenda saa ya kuona wagonjwa, na hakuwa anaweza kuongea sana, kwa hivyo nilikuwa namchora. Mkono wake na ile plasta ya dripu. Sikio. Kofia yake juu ya kabati la chuma, ambayo alikataa iende nyumbani. Siku zingine nilipata sikio peke yake, ju nesi alifika. Kuna ukurasa alichora yeye. Aliomba biro, akachora kitu kirefu chenye miguu minne, akanisukumia. Nilimuuliza kama ni ng'ombe ama ni meza. Alicheka mpaka akakohoa na mgonjwa wa kitanda jirani akaamka. Hakuniambia, na sijui mpaka leo. Alizikwa Jumamosi ya wiki iliyofuata huko Murang'a.

Hawa watu walitaka hiyo iwe na kinanda nyuma.

Niliwajibu kwa mistari miwili, sikuweka emoji. Mwezi huo nilipiga video za harusi mbili, Ruiru na Juja, nikalipa deni na nusu ya mwezi uliofuata, na kaeteka aliniongojea hiyo nusu nyingine mpaka tarehe kumi na nne.